Waipa za Gari la Harusi

Jumamosi hiyo Ndambuki aliamka amechoka, kama alivyoamka Ijumaa na Alhamisi kabla yake. Aliketi ukingoni mwa kitanda akikisugua kifundo cha mguu wa kulia, huku ametega sikio. Walikaa orofa ya nne, Kayole, na chini ya dirisha lao kulikuwa na safu ya vibanda vya mabati. Mvua ikianza tu, mabati yalitangaza. Asubuhi hiyo yalikuwa kimya.

“Unasikiliza nini, Baba Wanza?” mkewe Muthoki aliuliza kutoka upande wa jiko, akikoroga uji.

“Mvua.”

“Mbona hakuna?”

“Itakuja. Huu si Aprili?”

“Basi mwambie Kabiru akupe lile gari jeusi leo.”

“Lile ni la Maina. Halafu maharusi hawalitaki. Wanataka lile jeupe kuukuu, mzee mwenzangu.”

Muthoki hakucheka. Alikuwa ameusikia mzaha huo mara nyingi, naye Ndambuki alikuwa ameutoa mara nyingi, na wote wawili walikuwa wameuchoka. Alimpa uji wake, akampangusa vumbi begani mwa koti jeusi, akamwambia ashuke ngazi polepole.

Ndambuki alikuwa dereva tangu ujana. Alitoka Machakos akiwa hajaota ndevu, akaja kwa mjomba wake aliyekuwa utingo wa lori la mchanga, na tangu siku hiyo kila alichokula kilitoka kwenye usukani. Aliendesha malori, akaendesha gari la mikate, akaendesha basi la wafanyakazi wa kiwanda huko Industrial Area mpaka kiwanda kikafungwa. Sasa alikuwa amepita miaka sitini. Siku za kazi alipeleka saruji na vyuma kwa duka moja la vifaa vya ujenzi. Jumamosi, wenzake walipokuwa wamelala au wako mechini, alifunga tai na kuendesha gari la harusi.

Magari hayo yalikuwa ya Kabiru, mtu wa Kariobangi aliyekuwa na uwanja mdogo katikati ya mafundi wa jua kali. Yalikuwa mawili. Moja lilikuwa jeusi, refu, jipya, la kila kitu kubonyeza. Jingine lilikuwa jeupe, la Kiingereza, lililoundwa kabla ya Uhuru, lenye taa za mviringo na boneti iliyofura kama shavu la mtu anayepuliza moto. Hilo jeupe ndilo lililopendwa. Watu walipiga picha wameliegemea hata kama si harusi yao. Gia zake zilikuwa kwenye shina la usukani, na Kabiru hakuwa na mtu mwingine wa kuliendesha ila Ndambuki.

Lakini watu waliopiga picha hawakuyajua mambo ya waipa zake, zile fimbo za kupangusa kioo mvua ikinyesha.

Waipa za gari lile hazikutumia umeme. Zilivutwa na pumzi ya injini. Injini iliponyonya hewa, mpira mwembamba uliopita chini ya boneti ulichukua ule mvuto ukaupeleka kwenye kikopo kidogo nyuma ya dashibodi, na kikopo ndicho kilichozitikisa waipa huku na huku. Ukitoa mguu kwenye mafuta, injini hunyonya kwa nguvu, na waipa hukimbia kama zimefukuzwa. Ukikanyaga mafuta, mvuto hupungua, waipa hulegea. Ukipanda mlima umebeba watu, waipa husimama kabisa katikati ya kioo, hapohapo unapozihitaji. Kwa hiyo dereva wa gari lile, mvua ikinyesha, alikuwa na kazi mbili kwa mguu mmoja: akanyage apate mwendo, kisha aachie apate kuona. Kanyaga, achia. Kanyaga, achia. Ndiyo maana Ndambuki aliamka akikisugua kifundo.

Lile jeusi la Maina, dereva mwenzake, halikuwa na shida hizo. Nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma kulikuwa na kidude kilichohisi matone. Manyunyu yakianza, waipa zilipangusa mara moja, zikapumzika. Mvua ikizidi, zilizidi. Dereva hakugusa chochote. Zilikuwa ndefu, zilifagia kioo karibu chote, ilhali zile za gari jeupe zilikuwa fupi kama rula ya shule, zikikata vipande viwili vya nusu duara na kuacha sehemu nyingine za kioo zikimwagika maji.

Ndambuki alikuwa amemwomba Kabiru mara kadhaa amtafute fundi wa umeme, atie mota ya kisasa. Jibu lilikuwa lilelile.

“Mzee Ndambuki, wateja wanataka gari la zamani lenyewe. Nikianza kutia mota, kesho nitatia redio, kesho kutwa litakuwa si lile tena.”

Asubuhi hiyo alipofika uwanjani alifungua boneti kwanza. Mipira ya waipa zenyewe aliibadilisha mwezi uliopita, ilikuwa laini na mizuri. Lakini ule mpira wa hewa ulikuwa umekauka, mgumu kama ganda la muwa lililotupwa juani, na ulikuwa na ufa.

“Kabiru, huu utatuaibisha.”

Kabiru alichungulia, simu sikioni. “Si ni kutoka Kayole kuja hapa Kariobangi tu? Utavumilia. Jumatatu tutatafuta mwingine.”

Ndambuki aliuzungushia utepe mweusi wa fundi, akafunga boneti. Upande wa pili Maina alikuwa akilisugua lile gari jeusi kwa nta ya kung'arisha, akiimba, kitambaa kikipita juu ya boneti, juu ya paa, na juu ya kioo cha mbele pia. Ndambuki alimwona. Alitaka kumwambia kwamba nta haipakwi kwenye kioo, kwamba mvua ikija itakuwa utando. Akaona uvivu kufungua mdomo. Maina alikuwa mtu mzuri, lakini kumwambia jambo kulihitaji pia kumsikiliza akieleza kwa nini alilifanya, na Ndambuki hakuwa na nguvu za maelezo. Aliingia garini akafumba macho mpaka saa ya kutoka.

Bi harusi aliitwa Kui. Alitoka kwenye ngazi za ploti yao ya wapangaji, Kayole, katikati ya vigelegele vya akina mama, akiwa ameinua gauni kwa mikono miwili, na alitembea haraka haraka kama mtu anayewahi kazi. Hakuwa msichana mdogo. Ndambuki alimkadiria miaka thelathini na kitu. Uso ulikuwa umepambwa vizuri, lakini chini ya poda macho yalikuwa mazito. Pamoja naye aliingia shangazi yake, Teresiah, mama mnene aliyevaa kitambaa kichwani na aliyekuwa amepewa kazi ya kumfikisha bi harusi kanisani, kwa kuwa baba yake hakuwepo tena duniani. Wasimamizi walipanda gari la Maina. Magari mengine ya jamaa yalikuwa yametangulia.

Hawajafika hata Spine Road, Kui alipiga mwayo mrefu.

“Funika mdomo, Kui,” Teresiah alisema. “Rangi itapasuka.”

“Anti, tangu Jumatano sijalala.”

“Utalala ukishaolewa.”

“Mbona niliolewa zamani!” Kui alisema, akacheka kidogo, kisha akamwona Ndambuki akimtazama kwenye kioo. “Usishangae, Mzee. Mimi na Muriuki tumekaa miaka tisa. Tuna mtoto yuko darasa la pili. Hii ni ya kuwatuliza wazazi.”

Ndambuki alisema ni jambo zuri. Ndivyo alivyowaambia maharusi wote, wawe wamesema nini. Utepe wa zambarau uliofungwa kwenye boneti ulipepea mbele yake, na juu ya utepe, upande wa Dandora, mbingu ilikuwa imegeuka rangi ya saruji mbichi.

Mvua iliwakuta Kangundo Road. Haikuanza kwa manyunyu. Ilikuja kama ukuta, ikawafunika, na wachuuzi wa kando ya barabara wakatoweka chini ya nailoni. Ndambuki alivuta kishikio cha waipa kwenye dashibodi. Zile fimbo mbili fupi ziliamka, zikapangusa, naye akaanza kazi yake ya mguu. Kanyaga, achia. Teresiah alishika kiti cha mbele.

“Dereva, mbona gari linaruka kama chura?”

“Natafuta kuona, mama.”

Walikwenda hivyo kwa kitambo. Kisha akasikia mlio mwembamba chini ya boneti, kama mtu anayepuliza kupitia meno. Injini ilitetemeka. Waipa zilifika katikati ya kioo zikalala, na hata alipotoa mguu kwenye mafuta hazikuinuka. Mbele yake kukawa na maji tu. Alisogea pembeni polepole kwa kutazama ukingo wa barabara kupitia dirisha la ubavuni, akasimama. Nyuma yake gari jeusi nalo likasimama.

Alishuka na koti lake la harusi, akafungua boneti. Ule mpira ulikuwa umepasuka kwa urefu, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hapakuwa na cha kufunga wala cha kukata. Aliung'oa, akakiziba kitundu cha injini kwa kipande cha kitambaa alichokisokota na kukikaza kwa msumari mnene aliouokota kwenye buti ya gari, na injini ikatulia. Gari lingetembea. Waipa ndizo zilikuwa zimekufa.

Maina alimjia mbio, gazeti kichwani.

“Mzee, hata mimi sioni kitu!”

“Zako si zinafanya kazi?”

“Zinakimbia kama wazimu, lakini kioo kimekuwa kama kimepakwa mafuta.”

Ndambuki alitazama. Waipa za gari jeusi zilikuwa zikienda mbio kweli, kidude kikizihimiza, na kila zilipopita ziliacha utando mweupe uliogeuza kila taa kuwa ua kubwa la mwanga. Ilikuwa nta. Alifikiri kusema, “Nilikuona,” lakini lingesaidia nini. Na yeye ndiye aliyekuwa amenyamaza.

“Utafuata taa zangu za nyuma,” alimwambia. “Ukaribie, lakini usinigonge. Ngoja kwanza nijue kama nitatembea.”

Aliporudi garini, maji yakimtiririka masikioni, Teresiah alikuwa kwenye simu. Magari yaliyotangulia yalikuwa upande wa pili wa mzunguko wa Outer Ring, na huko maji yalikuwa yamejaa, hakuna aliyeweza kugeuka kuwarudia. Padri alikuwa na harusi nyingine baada ya yao, na kisha misa. Alikuwa amesema waziwazi wiki yote kwamba hatamngoja mtu.

“Tutangoja mvua ipungue,” alisema Teresiah.

“Anti, hii mvua haipungui leo,” alisema Kui. Alimgeukia Ndambuki. “Mzee, hakuna namna?”

Namna ilikuwapo. Aliijua tangu enzi za malori ya mchanga, mota zilipokufa njiani na mjomba wake akafunga kamba. Tena kwenye gari hili ingekuwa rahisi, maana waipa zikikosa mvuto zinalegea, unaweza kuzisukuma kwa kidole. Lakini kwa lori kulikuwa na utingo. Hapa kulikuwa na bi harusi na mama mtu mzima mwenye bega bovu, ambaye tangu Kayole alikuwa akililalamikia.

“Iko,” alisema kwa shingo upande. “Tunafunga kamba kwenye waipa, inapita dirisha hili na dirisha lile, halafu mtu anakaa hapa mbele anaivuta. Huku, halafu huku. Lakini madirisha lazima yawe wazi kidogo. Mtu atalowa.”

“Kamba iko wapi?”

Ndambuki hakuwa na kamba. Kui alitazama mbele, akanyoosha kidole. “Na huo utepe?”

“Kui!” Teresiah alipaza sauti. “Hiyo ni mapambo!”

“Anti, mapambo yanafuata nini kama sisi hatufiki?”

Kabla ya kujibiwa alikuwa amefungua mlango. Alishuka mvuani na viatu vyake vyeupe, gauni amelikumbatia kama furushi, akaingia mbele na kuketi upande wa kushoto wa Ndambuki. Teresiah alibaki nyuma akimwita Mungu kwa Kikuyu. Ndambuki aliufungua utepe kwenye boneti, akaufunga kwenye waipa ya upande wake, akaupitisha madirisha yote mawili, akaunganisha ncha ndani ya gari, mbele ya vifua vyao. Ulikuwa mpana na imara. Kui alivuta kushoto, waipa ikaja. Akavuta kulia, waipa ikarudi. Kikaonekana kipande cha barabara.

“Sawa?” aliuliza.

“Sawa, mama. Usivute kwa hasira. Polepole, ifike mwisho.”

Wakaondoka kwa gia ya pili. Kui alivuta, akarudisha, akavuta, akarudisha. Maji yaliingia kwa nyufa za madirisha yakawapiga wote wawili mabegani. Nyuma yao taa za Maina zilifuata kama mbuzi aliyefungwa. Waendesha boda boda waliojikinga chini ya paa la kituo cha mafuta walipiga mbinja, mmoja akapaza sauti, “Bi harusi utingo! Twende kazi!” na Kui akampungia mkono bila kuacha kuvuta.

Baada ya muda mikono yake ilianza kulegea.

“Pumzika,” Ndambuki alimwambia. “Nitasimama kidogo.”

“Usisimame. Niongeleshe tu, nisisikie mikono. Una watoto, Mzee?”

Alikuwa na msichana mmoja, alisema. Wanza. Aliishi Mukuru kwa Njenga.

“Ameolewa?”

Barabara ilionekana, ikapotea, ikaonekana. Labda ni kwa sababu macho yote mawili yalikuwa kazini ndiyo maana maneno yakamtoka bila ruhusa. Alisema Wanza alikwenda kukaa na kijana anayeitwa Nalianya, fundi wa mashine kiwandani. Alikwenda tu, bila mtu kuja nyumbani, bila mbuzi hata mmoja wa mahari. Naye kama baba alisema hatakanyaga nyumba ile mpaka waje kama watu. Hawakuja. Sasa kulikuwa na mtoto, na mtoto huyo alimwona kwenye simu ya mama yake Wanza, kwa jicho la pembeni, akijifanya anatafuta miwani.

Kui alivuta utepe mara kadhaa.

“Baba yangu alisema hivyohivyo,” alisema. “Kwamba hatakuja kwetu mpaka Muriuki apeleke mbuzi. Tukawa tunajipanga. Mwaka huu, mwaka ujao. Alifariki tukiwa bado tunajipanga.” Alivuta utepe tena. “Sikusemi wewe, Mzee. Nakuambia tu ilivyokuwa kwangu.”

“Nimesikia, mama.”

Kutoka kiti cha nyuma Teresiah alisema kwa sauti ndogo, ambayo haikuwa ile ya kwanza, “Aliulizia habari zako kila Jumapili, Kui. Hukujua?”

Kui aliendelea kuvuta. Ndambuki alitazama barabara, akaachia watu walie kama wanalia.

Walifika kanisani Kariobangi kwa kuchelewa, lakini harusi ya pili ilikuwa imekwama kwenye mvua hiyohiyo, na padri alikuwa amesimama kibarazani hana wa kumfungisha ndoa. Watu waliwakimbilia na miavuli. Hapo ndipo walipoona. Utepe ulikuwa umetoa rangi. Viganja vya Kui vilikuwa vya zambarau, mikono ya gauni ilikuwa ya zambarau mpaka viwikoni, na mfululizo wa michirizi ulishuka kifuani hadi kiunoni. Mama mkwe wake alijishika mdomo. Mmoja wa wasimamizi aliangua kilio kama yeye ndiye anayeolewa.

Muriuki, bwana harusi, alikuja, akamtazama mkewe wa miaka tisa kutoka kichwani hadi miguuni.

“Umetoka kupaka rangi nyumba ya nani?”

“Nimetoka kuendesha waipa,” Kui alisema. “Twende ndani kabla sijalala.”

Wakaingia. Kwaya ikaanza. Ndambuki alibaki nje ndani ya gari jeupe, koti limelowa chapachapa, akalegeza fundo la tai. Hakuwa na hasira wala fahari. Alihisi uchovu umemkaa mwilini mwote, hata kwenye meno.

Maina alikuwa ameomba sabuni ya vyombo kwa akina mama waliokuwa wakipika nyuma ya kanisa. Alikisugua kile kioo cha gari jeusi mara tatu chini ya bomba la paa, akaisugua na mipira ya waipa, safari hii bila kuimba. Baadaye alikuja dirishani.

“Ni nta, Mzee. Mimi ndiye niliyeipaka.”

“Najua. Nilikuona nikanyamaza. Tusameheane.”

Kabiru alifika ibada ikiwa inakaribia kwisha, baada ya Teresiah kumpigia simu na kumwambia maneno yake. Alilitazama gari jeupe na utepe wake uliochujuka, akamtazama Ndambuki, na kwa mara ya kwanza hakuwa na simu sikioni.

“Mzee, ulinionyesha huo mpira.”

“Nilikuonyesha.”

“Basi wapeleke ukumbini na hili jeusi. Maina atabaki na hilo mpaka mvua iishe.”

Hivyo ndivyo Ndambuki alivyoliendesha gari la kisasa mvuani kwa mara ya kwanza. Mvua haikuwa imepungua hata kidogo. Aliwasha injini, na kabla hajatafuta kitu cha kuvuta au kubonyeza, waipa zikaanza zenyewe. Zilipita bila sauti, kutoka ukingo hadi ukingo, na kioo kikawa safi kama hakipo. Aliona shimo akiwa bado mbali nalo. Aliona mwanamke aliyetaka kuvuka, akampisha. Mguu wake ulikuwa na kazi moja tu. Miaka yote ile alikuwa akiwaambia watu kwamba magari ya zamani ndiyo magari, na sasa, Outer Ring, alikiri moyoni kwamba kwa jambo hili alikuwa akisema uongo, au alikuwa hajui. Nyuma yake Kui alikuwa amelala, mdomo wazi, mkono wa zambarau ndani ya mkono wa Muriuki.

“Amesema kila kitu kilikwenda sawa,” Muriuki alinong'ona. “Amesema nikuambie asante, kabla hajazima.”

Kabiru hakutia mota ya umeme kwenye gari jeupe. Alinunua mpira mpya wa hewa, lakini tangu siku hiyo msimu wa mvua ukianza gari lile halitoki na watu. Linapelekwa ukumbini mapema, linaegeshwa chini ya hema, maharusi wanaliegemea na kupigwa picha. Watu wengi hawajali tofauti. Ndambuki alipewa jeusi, na Maina akapata kazi ya basi la shule huko Umoja, ambayo alisema ndiyo aliyokuwa akiitaka siku zote.

Jumapili iliyofuata, Muthoki alipokuwa akijifunga leso baada ya kutoka kanisani, Ndambuki alimuuliza, bila kumtazama, huwa anapitia njia gani kwenda kwa Wanza.

Muthoki alisimama wima. Kwa muda wote huo alikuwa akienda kwa siri, akisema anakwenda kwenye chama cha akina mama.

“Kwa nini?” aliuliza.

“Nataka kujua tu.”

“Baba Wanza.”

“Basi twende. Lakini nisiulizwe maswali njiani. Nimechoka.”

Walikwenda kwa miguu sehemu ya mwisho, wakiruka matope, Muthoki mbele na ndizi kwenye kiondo, yeye nyuma. Wanza alifungua mlango, akamwona baba yake juu ya bega la mama yake. Alirudi nyuma kuwapisha. Nalianya aliinuka haraka mpaka akapiga goti kwenye meza.

“Shikamoo, mzee. Karibu. Nilikuwa... tulikuwa tunapanga...”

“Marahaba. Kaa, kijana. Hayo tutayazungumza siku yake.”

Walimpa kiti kizuri, kile chenye kitambaa cha kushonwa mgongoni. Mtoto, msichana mwenye paji la uso la Muthoki, alimtazama kwa mashaka kutoka nyuma ya mguu wa mama yake, akaenda zake kucheza. Wanza aliweka chai. Walizungumza juu ya mafuriko, juu ya bei ya sukari, juu ya kiwanda cha Nalianya kinachofunga mapema siku hizi. Hakuna aliyegusa jambo lenyewe, na Ndambuki alishukuru. Alikunywa nusu kikombe. Kiti kilikuwa laini, chumba kilikuwa na joto, na sauti zao zilikuwa zikienda mbali kidogo, zikirudi, zikienda.

Wanza ndiye aliyeona kikombe kinainama mkononi mwake. Alikitoa taratibu bila kumwamsha, akaketi mkekani karibu na miguu ya baba yake, na akawaambia wengine wapunguze sauti.